Fundi Asiye na Cheti: Somo kuhusu Ujuzi, Karatasi na Ukweli



Somo la mwezi huu limezaliwa gereji. Wakati wa likizo ya kichungaji wawili kati yetu tulipangiwa parokia moja ya Tunduma, na kila jioni tulizunguka kusali na Jumuiya Ndogo Ndogo. Anayeujua mji huo hahitaji maelezo. Malori yamepanga foleni kuelekea mpakani, Nakonde iko hapo ng'ambo, kwacha na shilingi zinapita mkono hadi mkono, na kando ya barabara mafundi wamelala chini ya trela, miguu tu ndiyo inayoonekana. Jioni ile tulisali nyumbani kwa mmoja wao.

Baada ya sala na chai, akatuuliza: "Mafrateri, Baba Paroko namwogopa kidogo, basi niwaulize ninyi. Injini ya Scania naifungua na kuifunga bila kubaki na nati mkononi. Nimeifanya kazi hii miaka ishirini na mbili, nilianza nikiwa tandiboi. Mwaka jana kampuni moja ya usafirishaji ilitaka fundi. Nikaenda. Wakauliza cheti, sina. Wakamchukua kijana mwenye cheti. Kijana mzuri tu, hana neno, lakini kila wiki ananipigia simu kuniuliza afanye nini. Sasa yupo mtu hapa mjini anatengeneza vyeti. Nikinunua, nitakuwa nimemwibia nani? Ujuzi si ninao?"

Tulikunywa chai yetu polepole. Mmoja wetu alitaja Amri ya Nane, na fundi akaitikia kwa adabu kama mtu aliyekwisha kuifikiria Amri ya Nane kabla yetu. Tulimwomba muda. Makala hii ndiyo jibu letu, limechelewa, na tunaliandika kwa ajili yake na kwa wengi walio kama yeye Tunduma, Vwawa, Mlowo na kwingineko mkoani Songwe.

Maandiko yanamjua fundi

Tufungue kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, kuanzia aya ya 24 hadi mwisho wa sura. Mwandishi, ambaye mwenyewe ni mtu wa vitabu, anawapanga mbele yetu mkulima na jembe lake la kukokotwa na ng'ombe, mchonga mihuri, mhunzi anayeunguzwa na moshi wa moto mbele ya fuawe, na mfinyanzi anayezungusha gurudumu kwa mguu. Anasema kila mmoja ana hekima yake mikononi, na kwamba pasipo hao hakuna mji unaoweza kukaliwa. Papo hapo anakiri jambo chungu: hawaitwi kwenye baraza, hawakai katika kiti cha hakimu. Mji unasimama juu yao, nao hawaketi mahali mji unapoamuliwa.

Tunduma ni mfano hai wa sura hiyo. Reli ya TAZARA iliyopita hapa ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, na Watanzania na Wazambia wengi walijifunza ufundi humo humo kazini, kwa kuwatazama mafundi wa Kichina. Baba aliyejifunza hivyo alimfundisha mwanawe, mwana akamfundisha jirani. Huo ndio ukoo wa ujuzi wa mafundi wengi wa Nyanda za Juu Kusini, na hakuna mahali ulipoandikwa.

Naye Bwana wetu alijulikana kijijini kwake kama seremala (Mk 6:3). Katika Yohane 7:15 watu wanashangaa hekaluni jinsi anavyoyajua maandiko ilhali hakuwahi kukaa chini ya mwalimu yeyote anayejulikana. Kwa lugha ya leo wanamdai cheti. Hapa msomaji mwepesi atafurahi na kusema, basi Yesu yuko upande wa fundi. Ndiyo, yuko. Ila tumsome vizuri. Hajibu kwamba cheti ni upuuzi. Anasema mafundisho yake si yake bali ni ya yule aliyemtuma. Na sura mbili nyuma, Yoh 5:31, anakubali kanuni ya kale ya Torati kwamba mtu akijishuhudia mwenyewe tu, ushuhuda wake hautoshi. Ndiyo maana anataja wanaomshuhudia: Yohane Mbatizaji, kazi anazozifanya, Baba aliyemtuma, na Maandiko.

Cheti ni nini basi?

Aya hiyo ilitufungua macho. Tulikuwa tukidhani cheti ni picha ya ujuzi, na kama ujuzi upo, picha ni jambo dogo, awe ameipiga huyu au yule. Cheti si picha. Ni ushuhuda wa mtu wa pili. Kinasema: mimi, mwenye mamlaka ya kupima, nilisimama mbele ya mtu huyu, nikamwona akifanya, naye akafikia kipimo. Kwa hiyo fundi wetu akinunua karatasi ile, hatakuwa amedanganya kuhusu mikono yake. Mikono ni mizuri kweli. Atakuwa amedanganya kuhusu macho yaliyoitazama, kwa sababu hakuna aliyetazama. Ni shahidi wa uongo aliyekodishwa.

Anaibiwa nani? Tujibu bila kuzungukazunguka. Anaibiwa kwanza mwenye cheti cha kweli, maana karatasi za uongo zikizidi sokoni, hata ya kweli inatiliwa shaka. Anaweza pia kuibiwa dereva atakayepanda Mlima Nyoka na breki zilizofungwa na mtu asiyewahi kupimwa. Fundi wetu yeye angezifunga sawasawa. Lakini muuza vyeti hachagui wateja wake kwa ubora wa mikono. Anamuuzia fundi wetu asubuhi, na mchana anamuuzia mwingine ambaye hata spana hajui kuishika.

Wengi tunakumbuka tarehe 28 Aprili 2017. Siku hiyo, mjini Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Lilikuwepo pia kundi la vyeti vilivyokuwa vikitumiwa na zaidi ya mtu mmoja, mara nyingine ndugu na ndugu. Katika idadi hiyo walikuwemo wauguzi, walimu na makarani, na baadhi walikuwa karibu kustaafu. Tusiseme kwamba wote hawakujua kazi. Katika vigango vyetu watu walimlilia muuguzi aliyeondoka, kwa sababu alikuwa amewazalisha vizuri. Hapo ndipo uchungu ulipokuwa: mtu mwenye mikono mizuri ameishi miaka kumi na mitano akiogopa kila bahasha inayotoka halmashauri. Mei Mosi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza warudishiwe michango yao ya hifadhi ya jamii, na tuliona kuwa ni tendo la huruma linalostahili shukrani. Lakini ile miaka ya hofu hairudishwi.

Frateri atakayekuwa padre ajiandae, maana swali hili litamfikia katika kitubio: "Padre, ninafanya kazi kwa cheti cha dada yangu." Hatutaki kuandika kanuni moja ya kila kesi. Kwa maoni yetu, mambo mawili hayawezi kukwepwa. Kazi inayogusa uhai wa watu moja kwa moja, kama dawa, upasuaji au usukani wa basi, iachwe mara moja na mtu asiyepimwa. Hapo hakuna kusubiri. Katika kazi nyingine toba ya kweli inataka hatua ya kutoka kwenye uongo, na hatua hiyo ina majina: kujiandikisha mtihani, kuomba kupimwa, kuacha nafasi ile na kuanza upya chini. Padre asiyeijua milango hiyo atamwondolea mtu dhambi bila kumwonyesha pa kupita akitoka kanisani.

Mlango uwepo, na maskini aweze kuupita

Kuna upande wa pili wa haki. Anayedai karatasi naye ana wajibu. Katika waraka wake wa Laborem Exercens wa tarehe 14 Septemba 1981, Mtakatifu Yohane Paulo II alifundisha kwamba thamani ya kazi inapimwa kwanza kwa kuwa anayeifanya ni mtu. Sheria inayomtaka mtu cheti bila kumpa njia ya kukipata inamgeuza mtu kuwa mtumwa wa karatasi.

Tukumbuke mgomo wa madereva wa Aprili 2015. Mabasi na malori yalisimama nchi nzima, na mojawapo ya malalamiko makubwa lilikuwa agizo la kuwarudisha darasani kila wanapohuisha leseni. Wasomi wengi waliwacheka: madereva wanaogopa shule! Sisi tunaona hawakuogopa shule. Dereva wa lori la masafa marefu hulipwa anaposafiri. Siku za darasani ni siku za nyumbani kukosa unga, na ada inatoka mfukoni mwake, wakati mwenye lori halipi kitu. Swali lao lilikuwa nani abebe gharama ya karatasi, nalo ni swali la haki ya kijamii kabisa, hata kama hawakuliuliza kwa Kilatini.

Kwa fundi wetu mlango upo, na aibu yetu ni kwamba jioni ile hatukuujua. VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Aliyejifunza mtaani hahitaji kukaa darasani miaka miwili kufundishwa anachokijua. Anajaza fomu ya maombi katika chuo cha VETA, anaeleza kazi alizofanya na wapi, kisha mpimaji anamhoji na kumpa kazi aifanye mbele ya macho yake. Anapoonekana ana pengo, anapewa mafunzo mafupi ya kuliziba pengo hilo tu. Mwisho ni cheti cha ufundi stadi kwa ngazi aliyoifikia. Serikali, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu na Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, imewahi kuwalipia mafundi wengi gharama hizo. Nafasi kama hizo hutangazwa na kufungwa, kwa hiyo sikio liwe halmashauri. Na matangazo ya Jumapili yana nafasi ya kutangaza hili. Tunatangaza harambee wiki nne mfululizo, hatushindwi kutangaza fomu mara moja.

Tulimpigia simu fundi na kumweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Yaani wananipima mimi, siyo daftari langu?" Ndiyo, ndugu yetu. Akaenda Mbeya. Alituambia baadaye kwamba kwenye injini mpimaji aliishia kutikisa kichwa kwa furaha. Kwenye umeme wa gari na usalama kazini alionekana mwepesi, maana hajawahi kuvaa miwani ya kuchomelea maishani mwake, na mchoro wa nyaya alikuwa akiuona kama hirizi. Alipangiwa mafunzo ya kuziba pengo. Alikubali kwa shida. Anasema mwalimu wake umri wake ni sawa na wa mtoto wake wa pili.

Aliyekaa na watoto kujifunza Kilatini

Hapo tulimsimulia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola, na tunawasimulia nanyi, kwa sababu wengi tunamjua kama mwanzilishi wa Wajesuiti, si kama mwanafunzi mzee. Inyasi, aliyezaliwa mwaka 1491, alikuwa askari. Mwaka 1521 mzinga ulimvunja mguu huko Pamplona, na kazi yake ya kwanza ikaishia hapo. Baada ya kuongoka alianza kuwasaidia watu katika mambo ya roho, na kwa hakika alikuwa na karama. Mwaka 1524, akiwa na miaka thelathini na mitatu hivi, aliketi Barcelona kujifunza sarufi ya Kilatini pamoja na wavulana wadogo. Alipofungua kitabu, mawazo matamu ya kiroho yalimjia na kumtoa kwenye somo. Akatambua kuwa hayo, matamu vile vile yalivyo, ni kishawishi, akaenda kwa mwalimu wake na kuahidi kuhudhuria miaka miwili bila kukosa. Waseminari mnaosali sana wakati wa kipindi cha Kigiriki, mmesikia.

Kisha akaharakisha. Huko Alcalá alichanganya masomo mengi kwa pamoja, yote hayakushika. Akawa anafundisha watu, wakuu wa Kanisa wakamhoji, akafungwa gerezani, na baadaye Salamanca akafungwa tena. Hukumu ya Salamanca ndiyo inayotuhusu. Hawakupata kosa katika mafundisho yake. Walimkataza tu kuamua mbele ya watu lipi ni dhambi ya mauti na lipi ni dhambi nyepesi mpaka awe amesoma miaka minne zaidi. Ujuzi anao, cheti hana! Angeweza kunung'unika kama fundi wetu. Alichofanya, alikwenda kwa miguu hadi Paris, akafika mwanzoni mwa mwaka 1528, na alipojipima akaona msingi wake mbovu kwa sababu ya ile haraka. Akarudi tena kwenye Kilatini cha mwanzo, tena pamoja na watoto, akiwa na umri wa miaka kama thelathini na saba. Ada ilimsumbua. Fedha aliyoiweka kwa mwenzake ilitumiwa na huyo mwenzake, ikambidi awe anasafiri hadi Flanders wakati wa likizo kuombaomba. Alikaa Paris mpaka 1535 na kutoka na shahada yake. Huko huko bwenini ndiko alikowapata Petro Favre na Fransisko Ksaveri.

Fundi alituuliza kama mguu wa Inyasi ulipona. Tukamwambia alichechemea maisha yake yote.

Wengine walio njiani

Katika jumuiya ile alikuwepo pia mama mmoja anayeuza nguo karibu na mpaka. Aliacha shule kidato cha pili kwa sababu ya mimba. Kwa miaka mingi mlango wa msichana wa namna hiyo ulikuwa umefungwa. Tarehe 24 Novemba 2021 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wanafunzi walioacha masomo, wakiwemo waliojifungua, waruhusiwe kurudi katika shule za serikali. Kwake ilikuwa imechelewa kuvaa sketi ya shule, lakini njia ya watu wazima ni ya zamani kuliko tangazo hilo. Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilipata sheria yake mwaka 1975. Anasoma jioni. Atafanya mtihani wa maarifa, ule tunaouita QT, na akifaulu ataandikishwa mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Hisabati inamtesa. Kwacha kwa shilingi anapiga kichwani kabla hujatoa simu, lakini akiona herufi x ubaoni anasema mgongo unamuuma.

Na tusijisahau wenyewe. Wenzetu wanaoacha safari ya upadre baada ya miaka ya falsafa huondoka na akili iliyonolewa, ila mara nyingi mwajiri haelewi karatasi waliyonayo. Baadhi ya seminari kuu zetu zimeunganishwa na Chuo Kikuu cha Kipapa cha Urbaniana cha Roma, jambo linalosaidia, lakini mwajiri wa Vwawa au Tunduma huenda hajawahi kulisikia jina hilo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimewapokea wengi wanaoanza upya huku wakifanya kazi. Tusiwaseme vibaya waliotoka, wala tusiwaache watoke mikono mitupu bila barua inayoeleza walichosoma.

Kalamu ya daftari la ubatizo

Tumalizie na jambo ambalo hatukulitegemea. Fundi wetu alipofikia hatua ya kuandikishwa, alikwama kwenye jina. Cheti chake cha ubatizo kinasema Yohane. Cha darasa la saba kinasema John. Kitambulisho cha taifa kinasema Yohana. Mtakatifu ni yule yule, lakini ofisini ni watu watatu. Yule mama ana shida yake pia: katika baadhi ya koo za huku, kama za Wanyamwanga, jina la ukoo la mwanamume huanza na Si- na la mwanamke huanza na Na-. Nyumbani na kanisani ni Na-. Shuleni mwalimu aliyetoka mkoa mwingine aliandika la baba yake kama lilivyo. Sasa kila mmoja wao anatafuta hati ya kiapo ya majina, na hiyo ni gharama na nauli.

Ofisi za serikali hukubali cheti cha ubatizo kama kielelezo cha kuunga mkono maombi ya cheti cha kuzaliwa aliyechelewa kuandikishwa. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 535, inaitaka kila parokia iwe na vitabu vyake na paroko aviandike na kuvitunza kwa uangalifu. Kanuni ya 877 inataka ubatizo uandikwe bila kukawia. Tulizisoma kanuni hizo darasani kama mambo ya sakramenti tu. Katika ofisi ya parokia ile tulimwona katibu akifunua daftari la zamani, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni, akimtafuta Yohane wetu kwa mwaka, kisha kwa jina la mama, kisha kwa jina la msimamizi. Alimkuta ukurasa wa tatu kutoka mwisho. Mwandiko ulikuwa wa frateri fulani aliyekuwa likizo ya kichungaji, kama sisi. Jina la baba aliliacha wazi, labda alikusudia kulijaza kesho yake.